Kaloleni Haina Uhaba wa Maneno

Ukitoka Mombasa kwenda Kaloleni kwa njia ya Mariakani, nusu ya kwanza ya safari ni ya malori. Trela za Nairobi na Kampala zimefuatana kutoka bandarini hadi kwenye mizani ya Mariakani, na matatu inapenya katikati yao kwa honi na ubishi. Halafu dereva anakunja kulia, barabara inakuwa nyembamba, na minazi inachukua nafasi ya makontena. Lami hii huendelea hadi Mavueni, karibu na mji wa Kilifi, ikipanda na kushuka vilima vya Wagiriama. Kando yake wagema wako juu ya minazi, kotama kiunoni, na chini yao mitungi ya plastiki inangoja kupelekwa mjini kabla tembo ya mnazi haijawa kali.

Ndani ya matatu hakuna aliyenyamaza. Salamu ni za Kigiriama, wala neno moja halitoshi: anaulizwa mtu, wanaulizwa wa kwao, watoto, mbuzi, na mvua ya shambani. Nauli inadaiwa kwa Kiswahili. Redio inasoma habari kwa Kiswahili na kutangaza mikopo kwa lugha iliyochanganywa na Kiingereza. Mbele yangu alikaa mama aliyepakata mtoto wa kama mwaka mmoja, na kila aliyepanda alimsemesha mtoto kabla hajamsemesha mama. Mwanamke mmoja mzee alimwita mtoto huyo mume wake, kama ilivyo desturi ya bibi na mjukuu, akamlalamikia kuwa tangu waoane hajamnunulia leso. Mtoto akacheka, akajibu kwa silabi zake mbili tatu. Bibi akamjibu tena, kana kwamba ameelewa kila kitu.

Mabishano kama hayo ndiyo shule ya kwanza ya lugha. Nilikuwa nakwenda Kaloleni kwa sababu ya watoto ambao hawayasikii.

Kituo cha Kaloleni ni cha sauti nyingi. Bodaboda zinanguruma, wauza machungwa na korosho wanaita wateja, spika ya kanisa inajaribiwa kwa ajili ya Jumapili. Hospitali ya misheni ya St. Luke's, ya Kanisa Anglikana, imekuwapo hapa kwa vizazi. Wako wazee wanaohesabu umri wao kwa madaktari waliopita. Mbele zaidi, kwenye kivuli cha makuti, wanaume wameketi kwenye mangwe, kilabu cha tembo, kaha ya kunywea mkononi, na mjadala wa bei ya nazi unazidi kupanda kadiri tembo inavyopungua. Ukikaa hapo saa moja utakuwa umesikia maelfu ya maneno. Mtoto anayesikia huyameza yote bila kujua kuwa anasoma. Asiyesikia hukaa katikati ya karamu hiyo akiona midomo inavyotembea.

Nilikutana na mama wa mtoto kama huyo nyumbani kwake, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka mjini. Mtoto wa kiume, anakaribia miaka 3, mtundu, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Nyuma ya kila sikio ana mashine ndogo ya rangi ya kahawia, msaada wa wafadhili. Mama alinieleza jinsi alivyogundua.

“Ilikuwa masika, radi ikapiga karibu kabisa. Watoto wote wa boma walikimbilia ndani. Huyu alikuwa amelala ukumbini, hata kope haikucheza.”

“Kabla ya hapo hukuwa na wasiwasi?”

“Nilikuwa nao. Lakini kila niliyemwambia alisema atasema tu, hata babake alichelewa.”

Hawe, yaani bibi kwa Kigiriama, mama wa mume, alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchicha. Alidakia bila kuinua kichwa: “Mimi nilisema ni mkaidi. Mtoto anakuona ukiinua mkono anakuja, utajuaje kama hakusikia?”

Ni kweli, utajuaje? Mtoto kiziwi si mtoto asiyeelewa. Husoma uso, husoma kivuli, huhisi mtikiso wa mlango kupitia sakafu. Akiwa mchanga hulia na kuguna kama wenzake. Tofauti hujitokeza baadaye, pale wenzake wanapoanza kupanga silabi mfululizo, ba-ba-ba, ma-ma-ma. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Kimbrough Oller na Rebecca Eilers, walionyesha kuwa watoto wanaosikia hufika hatua hiyo kabla ya kutimiza miezi 10 hivi, lakini watoto viziwi waliowachunguza walichelewa hadi baada ya miezi 11 au zaidi. Kwa hiyo ishara ipo, tena ipo mapema. Ila huja kama kitu ambacho hakikutokea, na jambo lisilotokea ni gumu kuonekana katika boma lenye kelele za watoto sita.

Mama aliniomba nitazame wanavyofanya mazoezi. Mwalimu mmoja alimfundisha. Mtoto aliketi mkekani na kopo tupu la maziwa na fungu la korosho ambazo hazijabanguliwa. Mama akakaa nyuma yake, akafunika mdomo kwa kiganja ili asisomwe, akatamka: “Aaa.” Mtoto akatupa korosho moja koponi, akageuka kutafuta sifa. “Uuu.” Korosho ya pili. “Mmm.” Alisita, kisha akatupa. “Iii.” Alitazama juu kama mtu anayekumbuka deni, asitupe. “Shhh.” Hakuna. “Sss.” Hakuna. Akaanza kuzila korosho, maganda na yote, zikanyang'anywa.

Sauti hizo sita alizichagua Daniel Ling, mwalimu wa viziwi aliyefanya kazi kwa muda mrefu Kanada, kwa sababu zimesambaa kuanzia sauti nzito kabisa za maongezi hadi nyembamba kabisa. Anayezisikia zote, usemi wote uko ndani ya uwezo wake. Bahati njema Kiswahili na Kigiriama vinazo zote sita, kwa hiyo kipimo hiki hakihitaji kutafsiriwa wala hakihitaji umeme. Na alichokionyesha mtoto yule ni wazi. Mashine zake zinamletea ngoma, pikipiki, na vokali nzito. Hazimletei sukari, samaki, shati wala shilingi. Sukari ataisikia kama “u-a” na kubahatisha yaliyobaki.

Mashine ya sikio hukuza sauti, lakini kama seli za ndani za sikio zimekufa, hakuna wa kuipokea sauti hiyo hata ikuzwe vipi. Kipandikizi cha koklea huziruka seli hizo. Nyuma ya sikio hukaa kipaza sauti na kompyuta ndogo inayoigawanya sauti kwa unene na wembamba wake. Koili iliyonaswa kichwani kwa sumaku hupitisha taarifa hiyo kupitia ngozi, bila tundu. Chini ya ngozi kuna kipokezi, na kutoka kwake uzi mwembamba wenye elektrodi 12 hadi 22, kutegemea kampuni, umepenyezwa ndani ya koklea, ule mfereji wa sikio la ndani uliojizungusha kama gamba la konokono. Elektrodi hizo huuamsha mshipa wa fahamu kwa umeme mdogo sana, na ubongo hufunzwa kuuita umeme huo sauti.

Mmoja wa waliokifikisha kifaa hiki kilipo ni Graeme Clark wa Australia, mtoto wa mfamasia aliyekuwa na shida ya kusikia. Tatizo lililomsumbua lilikuwa jinsi ya kuupitisha uzi ndani ya mfereji uliojipinda bila kuuchana. Mwaka 1977, akiwa pwani likizoni, aliokota kombe la baharini na kujaribu kusukuma unyasi ndani yake. Akagundua kuwa unyasi wenye ncha laini na shina gumu hupita vizuri. Mwaka uliofuata alimfanyia upasuaji mgonjwa wake wa kwanza huko Melbourne. Pwani yetu ina makombe mengi kama yale, na nimewaona watoto wa Mnarani wakifanya mchezo huohuo bila kujua kuwa umeshatoa tiba.

Lakini kifaa hakimpi mtoto lugha. Humpa mlango tu. Siku kinapowashwa, mara nyingi wiki chache baada ya upasuaji, mtoto huwa ndiyo kwanza anazaliwa upande wa kusikia, na umri wake wa kusikia huanza kuhesabiwa hapo. Mwaka 2010 John Niparko na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 188 wa Marekani kwa miaka 3 tangu wapandikizwe. Waliopata kifaa kabla ya miezi 18 walipanda ngazi ya lugha kwa kasi iliyokaribia ya watoto wanaosikia. Waliochelewa walibaki nyuma, na kadiri walivyochelewa ndivyo pengo lilivyokuwa pana. Anu Sharma naye, kwa kupima jinsi ubongo unavyoitikia sauti, alionyesha kuwa dirisha huwa wazi kabisa hadi kama miaka 3 na nusu, na baada ya miaka 7 huwa karibu limefungwa. Sehemu ya ubongo iliyokusudiwa sauti haikai bure ikingoja. Hupewa kazi nyingine, hasa za macho.

Katika utafiti wa Niparko kuna jambo la pili linaloihusu Kaloleni moja kwa moja. Mbali na umri, waliopiga hatua zaidi ni watoto ambao wazazi wao walishirikiana nao vizuri: waliowafuata macho, waliowajibu, waliowapa nafasi ya kujibu. Nilipoisoma sehemu hiyo nilimkumbuka bibi wa ndani ya matatu akidai leso. Kliniki za Ulaya hulipa wataalamu wawafundishe wazazi kufanya kile anachokifanya bibi yeyote wa Kigiriama bure. Hapa kinachokosekana si mzungumzaji. Kinachopungua Kaloleni ni miezi.

Miezi hiyo hupotelea wapi? Nilikwenda kliniki ya watoto asubuhi, siku ya chanjo. Akina mama wameketi mabenchini, kila mmoja na kijitabu cha mama na mtoto, watoto wanatundikwa kwenye mizani na kulia kwa zamu. Sista aliyekuwa na sindano alinionyesha ratiba ukutani. Wiki 6, wiki 10, wiki 14. Kisha miezi 9, surua. Kisha miezi 18, surua ya pili.

“Hawa wote nitawaona,” alisema. “Hata wa mbali kule Mwanamwinga wanakuja, chanjo hawachezi nayo.”

“Na kusikia mnawauliza?”

“Tunauliza kama anakaa, anatambaa, ananyonya vizuri. Kusikia, mama mwenyewe akilalamika.”

“Na mama asipolalamika?”

Alicheka. “Basi tutaonana shuleni.”

Nchi zinazopima kila mtoto mchanga hufuata kanuni ya namba tatu: apimwe kabla ya mwezi 1, ijulikane kwa hakika kabla ya miezi 3, asaidiwe kabla ya miezi 6. Hupimwa kwa kifaa kidogo kinachotia mlio sikioni na kusubiri mwangwi wa seli zenyewe, na mtoto anaweza kuwa amelala. Kenya haijafika huko kwa watoto wote. Lakini ratiba ya chanjo tayari ni mara tano ambazo mhudumu wa afya anakutana na mtoto ana kwa ana ndani ya miezi 18, na ziara ya miezi 9 inaangukia karibu kabisa na wakati ule ambao ba-ba-ba inapaswa kuwa inamwagika. Swali moja, “Anapanga silabi?”, na makofi mawili nyuma ya kichwa si kipimo cha kitaalamu, na mtoto mwerevu anaweza kukidanganya. Bado swali hilo lingeleta wengi kwa mtaalamu mwaka mzima kabla ya radi ya masika.

Kliniki hiyohiyo inafanya kazi nyingine kubwa zaidi ambayo haionekani. Watoto wengi wasiosikia katika nchi kama yetu hawakuurithi uziwi. Homa ya uti wa mgongo huua seli za koklea, na mara nyingine huifanya koklea yenyewe iwe mfupa katika muda wa wiki au miezi, hata uzi wa kipandikizi usiweze kupita. Rubela ya mama mjamzito humpata mtoto tumboni. Manjano makali ya mtoto mchanga huharibu njia ya sauti kwenda ubongoni, na dawa kama gentamisini, inayookoa maisha, inaweza kuondoka na masikio. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, asilimia 75 hivi ya upotevu wa kusikia utotoni ungeweza kuzuiwa.

Kilifi inaujua ushahidi wa hili kuliko wilaya nyingi za dunia. Mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust umekuwa pembeni ya hospitali ya Kilifi tangu 1989, ukihesabu nani anaugua nini. Kenya ilipoanza kuchanja dhidi ya kijidudu cha Hib mwishoni mwa 2001, ugonjwa mkali wa kijidudu hicho kwa watoto wa Kilifi walio chini ya miaka 5 ulishuka, ndani ya miaka mitatu hivi, hadi kama asilimia 12 ya ulivyokuwa. Chanjo ya nimonia ikafuata Januari 2011, na maambukizi makali ya aina za vijidudu zilizomo katika chanjo hiyo yakapungua kwa asilimia 92. Vijidudu hivyo vyote viwili ni visababishi vikuu vya homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2016 kinga ya rubela ikaunganishwa na ya surua. Hakuna anayeweza kuwaonyesha kwa kidole watoto walionusurika na uziwi kwa sababu hizo, maana wanapita barabarani wakipiga kelele kama wengine.

Kilifi imefanya pia kazi nyingine isiyosifiwa vya kutosha. Ili ujue kama mtoto amechelewa kusema, lazima ujue wenzake husema nini na lini. Orodha inayotumiwa sana duniani kuwauliza wazazi maneno ya watoto wao ilitungwa Marekani, na ndani yake mna theluji na mtu wa theluji. Katie Alcock na wenzake, akiwamo Kenneth Rimba na Amina Abubakar, waliijenga upya kwa Kiswahili na Kigiriama na kuchapisha kazi hiyo mwaka 2015. Haikuwa suala la kubadilisha maneno tu. Kwingineko mzazi hupewa karatasi aijaze mwenyewe. Hapa mhojaji hukaa na mama, wengi wao wasiosoma, na kupitia maneno moja baada ya jingine: hili analielewa? Hili analitamka? Matokeo yalionyesha kuwa mama asiyesoma anaweza kutoa taarifa za kuaminika juu ya lugha ya mwanawe. Mama wa mtoto yule wa korosho angeweza kuwaambia hilo bure: aliniorodheshea ishara zote za mwanawe, zaidi ya ishirini, na maana ya kila moja.

Nikamuuliza kuhusu kipandikizi. Amekisikia. Upasuaji hufanyika Nairobi, na bei yake, kifaa na matibabu, inafika mamilioni ya shilingi. Upande wa pili wa mpaka, hospitali ya taifa ya Muhimbili ilianza kuwafanyia watoto upasuaji huu mwaka 2017; kabla ya hapo Tanzania iliwapeleka India. Gharama ya mwanzo hutafutiwa harambee na wafadhili. Gharama ambayo harambee huisahau ni ile inayofuata.

Tufuate safari ya kifaa chenyewe. Kifaa kikishawashwa hurekebishwa na mtaalamu mara nyingi katika mwaka wa kwanza, kila elektrodi ikipimiwa kiwango chake. Kutoka Kaloleni hiyo ni kushuka hadi Mariakani na kupanda treni ya abiria inayosimama vituo vya njiani, iliyoanza kazi 2017, hadi Nairobi, na kurudi, na siku za kazi zilizopotea katikati. Betri zinataka kununuliwa au kuchajiwa kila siku. Waya wa koili hukatika kwa watoto watundu, na sijamwona mtundu kumshinda huyu. Jasho na unyevu wa pwani ni adui wa vyombo vya umeme, kwa hiyo usiku kifaa hulazwa ndani ya kopo lenye chembe za kukausha. Kifaa kisipovaliwa kwa sababu betri imekwisha, mtoto harudi kwenye kusikia kidogo. Kwa kawaida hubaki hasikii chochote.

“Sasa,” mama akaniuliza, “nikingoja pesa hizo, yeye angoje nini?”

Swali hilo ndilo kubwa kuliko yote niliyoyasikia Kaloleni. Jibu lake ni kwamba asingoje lugha. Lugha ya ishara ya Kenya imo katika Katiba ya 2010, ambayo inaitaja kati ya lugha rasmi za Bunge na kuitaka serikali iikuze. Kilifi kuna shule ya viziwi ya Kibarani, na Mtwapa kuna Sahajanand. Huko mtoto wa miaka minne huhadithia, hubisha, hudanganya na kuomba msamaha kwa mikono, jambo ambalo mwenzake wa umri huo aliyesubiri mashine bila lugha yoyote hawezi kulifanya kwa njia yoyote. Laura-Ann Petitto alionyesha mwaka 1991 kuwa watoto viziwi wanaolelewa na wazazi wanaotumia ishara hubwabwaja kwa vidole, kama wengine wanavyobwabwaja kwa ulimi. Ubongo unadai lugha. Hauulizi inapitia wapi.

Kuna wataalamu waliowahi kuwakataza wazazi ishara, wakihofia kuwa mtoto atakuwa mvivu wa kusema. Wapo pia viziwi wanaokitazama kipandikizi kwa mashaka, kwa sababu wamechoka kuonwa kama kitu kibovu kinachotengenezwa. Mimi nimeondoka na msimamo wa mama yule, ambaye hana nafasi ya kuchagua kambi. Alikwishaanza kujifunza ishara kutoka kwa kijana kiziwi anayefanya kazi ya kushona viatu sokoni. Afisa wa kituo cha upimaji wa watoto wenye mahitaji maalumu, huduma ambayo Kenya imekuwa nayo tangu 1984, alishamweleza kuhusu Kibarani. Na jina la mtoto limeandikwa kwenye orodha ya kipandikizi huko Nairobi.

Hawe alikuwa amemaliza mchicha na sasa alikuwa na swali la kwake. Alilielekeza kwangu kana kwamba mimi ndiye daktari.

“Mwanangu, wakimtia hiyo mashine, nimsemeshe kwa lugha gani? Mwalimu alisema Kigiriama kitamchanganya. Niseme Kiswahili peke yake, au Kiingereza, nami sikijui.”

Ni swali zuri kuliko alivyodhani. Kipandikizi hukamata vizuri mpangilio wa silabi, lakini ni kibovu katika kupima wembamba na unene wa sauti. Kwa mtu mzima hilo huonekana kwenye muziki. Kwa mtoto huonekana pale ambapo lugha yenyewe hubeba maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Watoto wa Kichina wenye vipandikizi huchelewa kuzimudu toni zao, na wengine hawazimudu zote. Kigiriama, kama lugha nyingine za Mijikenda, kina toni. Kiswahili kimeipoteza na kushika mkazo, karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tena Kiswahili hurudia: kitabu changu kile kimepotea. Asiyesikia “ki” ya kwanza ana nafasi nyingine mbili, na karibu kila silabi inafungwa na vokali, sauti ambayo kifaa huileta vizuri. Mtoto wa Kiingereza mwenye kipandikizi hupoteza vijisauti vya mwisho wa neno, vinavyobeba wingi na wakati, kwa sababu ni hafifu na huja mara moja tu. Kwa hoja hiyo pekee ningeweza kumshauri hawe aseme Kiswahili.

Lakini lugha ya mtoto haijengwi na sauti pekee. Hujengwa na mtu anayesema sana, bila kutafuta maneno, akitania, akikaripia, akisimulia. Watoto wenye vipandikizi wanaolelewa kwa lugha mbili hawajaonekana kudhurika kwa sababu hiyo, mradi lugha ya nyumbani ni ile ambayo mlezi anaimudu kikamilifu. Bibi anayeongea Kiswahili cha kuazima atasema machache, na machache ndiyo yanayomdhuru mtoto. Nikamjibu hivyo: Kigiriama, hawe, na usipunguze. Kiswahili atakipata njiani na darasani.

Alinitazama, akamtazama mjukuu ambaye alikuwa amelifikia tena kopo la korosho.

“Kama shida ni kusema sana,” akasema, “wewe nenda katafute hiyo mashine. Hapa kwangu hakuna atakayenyamaza.” Kisha akamgeukia mtoto na kumkaripia kwa Kigiriama, kwa sentensi ndefu iliyojaa vitisho na mapenzi, huku mkono wake ukimfanyia ishara ya “rudisha”. Mtoto akarudisha korosho mbili, akabaki na tatu.